Vidonge vya Mkebe wa Maziwa

Wakati wa vita, pale mtaani kwetu Nguba, askari walipora chochote walichokikuta ndani ya katoni. Basi mimi, eti mwerevu wa nyumba, nikatoa dawa zote katika paketi zao, nikazimwaga ndani ya mkebe wa maziwa ya unga na kuufukia kwenye gunia la maharagwe. Zile karatasi ndefu za maelezo, zilizoandikwa Kifaransa, niliwashia makaa ya jiko.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mgongo ulimtesa tangu tulipokimbilia vilimani kwa miguu. Nikawa nampa kidonge cha maumivu, kile cha pinki, asubuhi na jioni, karibu wiki tatu. Kilimtuliza, nami nikajisifu.

Mtoto alizaliwa kimya, hakulia kamwe. Muuguzi akaniita pembeni.

"Maji ya mutoto yalikuwa yamebaki kidogo sana. Alikuwa anakunywa dawa gani?"

Nikamwonyesha.

"Hii, mimba ikishakuwa kubwa, inaweza kukausha maji, hata kufunga mushipa wa moyo wa mutoto. Siwezi kuapa kama ni yenyewe. Lakini karatasi yake inakataza. Haukusoma?"

Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa.

Muuguzi hakumwambia Yaya, wala mimi sikumwambia. Mpaka leo, tukikumbuka vita, ananishika mkono: "Mudogo wangu, bila vile vidonge vyako, ule mugongo ungeniua. Mungu akubariki."

Nami najibu, "Amina."