Bunduki ya Mkono Mmoja

Baba alipopooza mkono wa kushoto, watu walikuja kumpa pole ya mkono. Mimi nilimpa pole ya bunduki, maana nilimjua. Kila msimu, mpunga ulipoanza kujaza punje kwenye majaruba yetu nje ya Bariadi, alikaa juu ya tuta na bunduki yake ya upepo akipambana na ndege wa kwelea kwelea. Mwaka akishinda, tulikula wali mpaka msimu mwingine.

Bunduki ile ni ya springi. Kwa kila risasi lazima uukunje mtutu kwa nguvu huku umeshika kitako, mpaka springi ikamate. Kwa mkono mmoja haikunjiki. Alijaribu kuibana kwa magoti, ikamponyoka na kumpiga kidevuni. Akacheka. Kicheko kile kiliniudhi kuliko kama angelia.

Nikasema nitamtafutia nyingine. Mimi ni mtu wa kumaliza mambo, ofisini wananisifia hilo. Nikampeleka Mwanza, kwenye duka lenye kibali cha kuziuza, na muuzaji akatutolea aina mbili.

Ya kwanza ilikuwa na mtungi wa hewa chini ya mtutu. Ukishaujaza unapiga weee, haina teke, wala hukunji kitu. Nikauliza unajazwaje. Akaleta pampu, kama ya baiskeli ila ndefu, akaikanyaga kwa miguu yote miwili na kuisukuma kwa mikono yote miwili. Kijana mzima, shati likaloa jasho. Baba akageuka, akawa anatazama barabarani.

Ya pili ilikuwa ya gesi. Unatia kichupa kidogo, unakaza kifuniko, basi. Kuiandaa kwa risasi inayofuata ni kazi ya kidole. Baba alikaza mwenyewe, bunduki imelala mapajani.

"Hii, mayu," akaniambia. Huniita hivyo, mama kwa Kisukuma, akiwa na furaha.

Nikainunua pamoja na vichupa vyote vilivyokuwa dukani. Wakati wa kurudi, tulipofika Lamadi, akataka tushuke tule samaki. Nilikuwa na furaha ya kijinga siku ile.

Kichupa kimoja hakifiki mbali. Kwelea hawaji mmoja mmoja, wanashuka kundi zima. Unaua watatu, wengine wote wanahamia jaruba la jirani kisha wanarudi. Punje zilikuwa bado maziwa, hazijakomaa, vichupa vilipokwisha. Nikampigia muuzaji simu.

"Dada yangu, mzigo haujaingia."

Nikapiga tena, nikamfokea, nikapiga mara nyingine kumwomba radhi. Mzigo haukuingia. Bariadi nzima nilizunguka, na wengi hata hawakuelewa ninatafuta nini.

Jumamosi nikaenda shambani. Niliwakuta wawili juu ya tuta. Mama alikuwa ameitoa ile ya zamani, ya springi. Anaikunja kwa kuigandamiza gotini, anatia risasi, anampa baba. Baba anaulaza mtutu kwenye panda ya mti aliyoichomeka ardhini, anapiga, anamrudishia. Mama yangu hana mwili wa nguvu. Kila akikunja anaguna, na kiganja kilikuwa kimechubuka, amekifunga kwa kipande cha khanga.

"Mhola, mama?" nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mhola duhu, salama tu. Chukua debe hilo, piga uwafukuze."

Nikapiga. Ndege wakaruka wote, wakatua upande wa pili wa shamba letu hilohilo. Nusu ya masuke ilikuwa imesimama wima, nyepesi, haina kitu ndani.

Baba akapiga, akakosa. Mama akanyoosha mkono apokee bunduki akunje tena. Safari hii baba hakumpa.

"Imetosha," alisema. "Ukiumia na wewe, nani atanifunga vifungo vya shati?"

Mama alikaa chini pale matopeni, kando yake, akaanza kufungua kile kitambaa kiganjani. Mimi niliendelea kupiga debe, nikalipiga kwa hasira mpaka likabonyea. Ndege walikuwa wameshazoea mlio wake, wakaendelea kula.