Kidole Gumba Changu na Pikipiki ya Magurudumu Manne

Wenzangu wa kikundi cha vijana cha kanisa, mnanijua. Mimi ni yule anayekaa benchi la mwisho na kuimba chini chini ili asisikike. Mwenyekiti ameniomba mara tatu nisimame nishuhudie, na mara tatu nimesema naumwa na koo. Koo halikuwa linauma. Basi nimeandika, na atakayesoma asome polepole. Nitakuwa hapo nyuma nikiangalia viatu vyangu.

Naitwa Wakesho, niko Form Three, kwetu ni Mbololo. Kabla ya kuumia sikuwa na habari kama nina mkono. Nilichota maji, nikasuka wadogo zangu, na kila jioni niliandika kwenye daftari mambo ambayo mdomo wangu hauwezi kuyasema. Shule ikifungwa, nilipenda kumpelekea chakula Mjomba Mwakio, mdogo wake mama. Anafanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe kule chini, upande wa Voi. Kazi yake ni kuzunguka ua wa waya aone ndovu wameangusha wapi. Anazunguka kwa pikipiki ya magurudumu manne ambayo mwenye ranchi aliileta. Watu wa soko walipoiona mara ya kwanza walisema ni trekta iliyozaliwa kabla ya miezi kutimia.

Pikipiki hiyo mafuta yake yaliongezwa kwa kidole gumba. Kando ya hendeli ya kulia kuna kijiti cha chuma. Ukikisukuma kwa gumba, inakwenda. Ukikiachilia, inapoa. Likizo ya April mjomba alinifundisha, na nawaambia ukweli, juu ya ile pikipiki sikuwa na haya hata kidogo.

Lakini mjomba mwenyewe alikuwa analalamika. "Angalia gumba langu," aliniambia, "ni kama la mtu aliyekamua ng'ombe wote wa ranchi. Nitaweka ya kusokota, kama pikipiki za watu."

Nilipofunga shule August nikakuta ameiweka, ameitoa kwenye pikipiki mbovu. Unashika hendeli kwa mkono mzima na kuisokota kuja kwako. Kwenye barabara ya sawa ilikuwa tamu, gumba halichoki kabisa. Mjomba aliisifu sana. Nami nikaomba kuijaribu.

Nilifika kwenye korongo kavu, nikapanda ukingo wake. Magurudumu ya mbele yakagonga jiwe. Mwili ukaenda nyuma, nikashtuka, nikashika kwa nguvu. Hapo ndipo kosa. Ile ya gumba, ukishtuka gumba linaachia. Ile ya kusokota, mwili ukivutwa nyuma mkono unasokota wenyewe, na kadiri unavyoogopa ndivyo unavyoongeza mafuta. Pikipiki ilisimama kwa miguu ya nyuma kama beberu, ikaniangukia mkono.

Sikulia mara moja. Niliangalia mkono wangu wa kulia, umepinda juu ya kifundo mahali pasipo na kiungo, na gumba limelala kando kama si langu. Nilijikojolea. Naandika hivyo kwa sababu kama kuna mtu hapa amewahi kujikojolea kwa maumivu, asijione yuko peke yake.

Mjomba alikuja mbio. Alinifunga mkono kwa vijiti na vipande vya shati lake, midomo yake imekauka. Kwenye pikapu ya ranchi, njia nzima hadi hospitali, alisema neno moja tu: "Pole. Pole. Pole."

Daktari alisema mfupa umevunjika mahali pawili, na kano la gumba limeumia. Wakanivuta mkono kuunyoosha, nikatapika. Wakaniwekea plasta wiki sita. Mama alipofika alimwangalia mjomba, akasema, "Nilikutumia mtoto na chakula. Chakula umekula. Mtoto umenirudishia amefungwa vijiti." Halafu akamwambia asikanyage kwetu.

Chini ya plasta palikuwa pananiwasha hadi nikaingiza mpini wa mwiko. Palinuka pia. Wiki ya sita walipoikata, mkono uliotoka ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka kama ya nyoka. Daktari akasema, "Sogeza gumba." Nikalisogeza, yaani nikafikiri nimelisogeza. Halikwenda popote.

"Mfupa umeshika," daktari alisema. "Sasa kazi ni yako. Gumba hili lifanye kazi kila siku, usiache hata siku moja. Likikaa bure mpaka Krismasi, litakaa bure daima."

"Nitaandika mtihani?" nilimuuliza.

"Liulize gumba, na ujiulize mwenyewe. Mimi nimemaliza."

Usiku na mchana nilifikiria jambo hilo hilo. Mtu kama mimi asiyeweza kusema, asipoweza kuandika pia, atabaki na nini? Nilijaribu kushika kalamu, ikaanguka. Nilijaribu mkono wa kushoto, maandishi yakawa kama ya mtoto wa nursery. Nilijaribu kufinya kitambaa kama nilivyoambiwa, nikachoka, nikaacha.

Nyanya, mamake mama, alishuka kutoka Chawia kuniona. Aliuliza swali moja tu, mjomba yuko wapi. Mama akasema amemkataza kukanyaga kwetu. Nyanya akasema ndiyo maana mtoto haponi. Kwetu Taita, wazee wanasema kinyongo kikiwa ndani ya nyumba mgonjwa hapati nafuu. Mwenye kinyongo hunywa funda la maji ya muwa, akalitema nje kama manyunyu, huku akiitoa hasira yake kwa maneno na kumtakia mwenzake mema. Ndiyo kutasa.

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa," mama alisema.

"Kwani kanisani mnaambiwa muifuge hasira? Kunywa."

Mama akanywa, akatema uani. "Mwakio aliniumizia mtoto. Nilikasirika. Sasa namtakia afya."

"Sema vizuri."

"Namtakia afya na akili."

Nyanya akasema hiyo inatosha. Wadogo zangu walikuwa wanacheka nyuma ya nyumba, nami nilicheka, mara ya kwanza tangu August.

Jumamosi mjomba akaja, amekonda. Amebeba ubao. Kwenye ubao amefunga kile kijiti cha gumba cha zamani pamoja na waya wake wa mafuta, na mwisho wa waya springi. "Daktari amesema gumba lifanye kazi," alisema. "Hii hapa kazi."

Nilisukuma. Hakuna. Mjomba akasukuma yeye, uso ukakunjamana. Akafungua waya, akachungulia, akaugonga kwenye jiwe. Vumbi jekundu likamwagika, lile lile la ranchi, limegandamana kama ugoro. Akaosha kwa mafuta ya taa, akatia oili, akasukuma tena. Kijiti kikaenda kama hakina kitu. Akakaa chini.

"Kumbe si gumba," alisema polepole. "Miezi yote nimelaumu gumba, na ni waya uliojaa vumbi. Ningetia oili tone moja, nisingebadilisha. Wakesho, nisamehe."

Nikamwambia nimesamehe. Nilisema kwa sauti, mama akasikia.

Tangu siku hiyo nilisukuma kila asubuhi kabla ya chai na kila jioni. Mjomba alikuja kila Jumamosi kukaza springi kidogo. Kufikia November nilifunga vifungo vya sweta. Kufikia kufunga shule nilikopi notsi zote za baiolojia, mkono ukaniuma raha.

Siku moja mjomba akasema, kwa haya, kwamba anahitaji kuchagua kama arudishe ya gumba. Ya kusokota bado iko kwenye pikipiki. Mama akauchukua ule ubao, akauweka magotini, akasukuma kijiti kwa gumba lake. Akakiachilia, kikaruka kurudi.

"Ukikiacha kinarudi chenyewe," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na ile nyingine, mtu akishtuka?"

"Anaishika zaidi."

Mama akafungua ubao kwa kisu cha jikoni, akampa kile kijiti mkononi. "Funga hiki. Halafu uje ule."

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na nyanya, na mama, na mjomba wangu ambaye sasa hubeba kopo la oili popote aendapo. Kama unaendesha barabara ya sawa siku nzima, ya kusokota haina ubaya. Kwa milima na makorongo yetu, chagua ya gumba, na uoshe waya kabla hujaulaumu.

Na wewe uliye na plasta, ukiambiwa kiungo chako kifanye kazi kila siku, kifanyishe hata siku ambayo hakuna kitu. Daftari langu linaonyesha siku nane nimeandika, kwa kushoto, neno moja: bado. Siku ya tisa gumba lilisogea upana wa punje ya mahindi.