Siku Unga wa Muhogo Ulipokuwa Theluji

Mama akichekecha unga wa muhogo na ule uchachu wake ukanipanda puani, mimi sifikirii ugali. Naona theluji. Msinicheke kwanza, ngoja niwaeleze.

Nilikuwa darasa la sita, hapa hapa Bangwe kando ya ziwa, na shuleni niliitwa Bubu. Jina nililipata mwaka wa nyuma yake, nilipopewa shairi la kusoma mbele ya wazazi nikasimama mpaka jasho likalowesha kola, neno lisitoke. Tangu hapo hata watoto wa darasa la kwanza waliniita hivyo, tena kwa upole, kama vile ndilo jina alilonipa baba.

Mwalimu Bukuru, wa maarifa ya jamii, alitusimulia habari za mabaharia wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, ambao meli yao ilinaswa na barafu karibu na ncha ya kaskazini. Jua lilizama likakaa miezi bila kuchomoza. Basi sikukuu ikifika, nahodha anaamuru muziki, wanacheza sitahani na makoti yao mazito. Wanawake hawakuwepo, kwa hiyo nusu ya wanaume walijifunga kitambaa mkononi, na mwenye kitambaa alihesabiwa mwanamke mpaka muziki uishe. Darasa zima tulivunjika mbavu. Mwalimu akasema hiyo ndiyo tutakayoonyesha siku ya wazazi.

Vitambaa viligawiwa kwa kura. Mimi sikupata, nikawa mwanamume. Kimoja kilimwangukia Hamisi, fundi wa mpira, akapangwa kucheza nami.

"Mwalimu," akalalamika, "mimi siwezi kuwa mke wa Bubu."

Aliambiwa baharia habishani na nahodha. Mimi moyoni nilijua kwamba nikikwama tena, jina lile nitazikwa nalo.

Siku yenyewe theluji ilikuwa unga wa muhogo, kila mmoja kaja na bakuli la kwao. Tulijipaka, tukamwaga na kwenye sakafu ya ukumbi wa shule. Jasho hakuna aliyelifikiria. Tulivaa makoti ya mitumba saa saba mchana, na wimbo wa kwanza haujaisha, shingoni kwa Hamisi kulikuwa na uji. Spika inaunguruma, tunazunguka wawili wawili, wazazi wanacheka hadi kufuta machozi. Umeme ukakatika.

Nilisikia mawimbi ya ziwa. Nikasikia mtu mmoja akikohoa. Wenzangu walisimama kama miti, na kimya kile nilikifahamu, kilikuwa kile kile cha shairi.

"Bubu, tumekwisha," Hamisi akaninong'oneza.

Nyumba yetu iko jirani na mwalo, kila siku nawasikia wavuvi wakiitana wanapovuta mtumbwi kuutoa majini. Nikapiga mguu chini, nikaita kama wao, "Bado kidogo!"

Hakuna aliyejibu. Nikaita tena, sauti ikanipasukia katikati. Ndipo baba, mvuvi ambaye hajawahi kusema neno katika kikao chochote cha shule, akajibu kutoka benchi la nyuma.

"Inakuja!"

Wanaume wote wa mwaloni wakamfuata. Tulicheza kwa miguu na sauti tu, mabati yakatetemeka. Hamisi aliteleza kwenye unga akakaa chini pu, akainuka bado anacheza. Mama mmoja alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mumewe mkononi, akamvuta katikati. Umeme uliporudi, mwalimu aliizima spika mwenyewe.

Nyumbani mama alinisugua shingo akisema wenzangu husonga ugali jikoni, mimi nimeusonga shingoni. Jumatatu Hamisi aliniita "mume wangu" mbele ya darasa zima. Bubu akafia hapo.

Usiku wa ile siku ya wazazi niliandika kwenye daftari langu kwamba nimeacha woga. Sasa niko kidato cha tatu, nimeyasoma tena maneno yale, na si kweli. Nilikuwa naogopa vile vile, ila kimya kilinitisha kuliko watu. Nadhani nahodha yule naye alikuwa hivyo, anapiga buti sitahani peke yake gizani, anangoja kama kuna atakayejibu. Na ndio kwanza naelewa kwamba mwoga kuliko wote ukumbini sikuwa mimi. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, na ndiye aliyenijibu.