Kibuyu cha Chanda

Ninaikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mama yangu alitembea kutoka nyumbani kwetu Sapiwi hadi kambi ya wachorongaji, watu wa kutoboa ardhi kwa mtambo, kulitazama shimo lililosemekana kula mvua.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walianza kuigombea pamba yetu, na wageni wakaja kutafuta madini. Wachorongaji wale walikuwa Wazambia na Waghana, nami nilikuwa mkalimani wao. Waliishi kama watu wa boma moja: akiugua mmoja, wenzake walipokezana kumwuguza, wala hakuna aliyegusa chakula kabla wa zamu hajarudi. Miongoni mwao alikuwemo Chanda, Mzambia, mwendesha mtambo. Rafiki wa namna ile sijampata tena.

Mvua ilipochelewa, watu wakasema mtambo umeipasua ardhi na mvua yote inazama humo. Wakaacha kuiuzia kambi maziwa. Mama hakubishana na mtu; alijifunga kanga akaenda kuona.

"Mwadila, mayu," Chanda alimwamkia Kisukuma, akimwita mama, akachuchumaa na kupiga makofi kama desturi ya kwao.

"Mwadila. Nionyeshe hilo shimo."

Akamwonyesha. Upana wake haukuzidi kikombe cha uji. Mama aliinama, akalichungulia kwa muda mrefu.

"Mvua ikipita hapa, basi imekonda kuliko wewe."

Chanda alicheka hata akaketi chini. "Basi ninenepeshe, mayu!"

Tangu hapo mama alimtengea kibuyu chake cha maziwa. Nyumbani kwetu kibuyu cha mtu hakinywewi na mwingine maadamu mwenyewe yu hai. Akifa hushushwa, na aliyemzika ndiye hukinywea mara ya mwisho.

Wageni hawakupata walichokitafuta, na kambi ikavunjwa. Chanda alirudi kwao pamoja na Kwesi, mpishi wa kambi, Mghana aliyemfuata kutafuta kazi. Msimu uliofuata, dereva wa lori la pamba akaja na habari: Chanda amefukiwa na kifusi mgodini. Majirani wakaja kutupa pole. Nikatafuta wembe ninyoe nywele za msiba, kisha nikanyoosha mkono kukishusha kibuyu.

"Acha!" mama alisema. "Huyo dereva alimzika?"

"Hapana, mayu. Alisikia."

"Shimo tu nililiendea kwa miguu yangu. Wewe rafiki yako unamzika kwa mdomo wa dereva? Kwesi yuko naye. Tumngoje Kwesi."

Tukangoja. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Wenye kulia hufarijiwa na wenye matumaini hutiwa moyo. Mimi sikuwa wa huku wala wa kule, nami sijui upweke uliouzidi ule.

Hatimaye Kwesi akafika, akiwa njiani kwenda mgodi mwingine. Alisimama mlangoni bila kuketi.

"Nilimwosha mwenyewe," alisema. "Udongo niliutupa kwa mkono huu."

Mama alikishusha kibuyu, akakijaza, akampa. Kwesi akanywa, machozi yakidondokea maziwani. Ndipo nikanyoa.

Utaniuliza: kwani dereva hakusema kweli? Alisema, mwanangu. Lakini kweli aliyoisema hakuijua. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao: lisemwalo lipo mdomoni mwa msemaji, hadi aje aliyeligusa kwa mkono.

Sasa mama hayupo. Kwesi sikumwona tena. Palipokuwa kambi pamelimwa mtama, na hakuna aliyesalia ninayeweza kumtajia Chanda akacheka kabla sijamaliza. Kibuyu kimetundikwa tena ukutani, kitupu. Wajukuu huuliza ni cha nani. Nikijibu, hurudi kucheza.

Kwa hiyo nakuusia. Habari ya umpendaye iendee kwa miguu yako. Ukishindwa, mngoje aliyeiona. Usimzike mtu kwa uvumi, hata kama kungoja kunakuuma kuliko kulia. Na kweli ikibisha hodi, ifungulie, uishushie kibuyu.

Mungu akujalie rafiki atakayekuosha kwa mkono wake, na nyumba ambamo kibuyu chako kitakungoja. Maziwa yasikukaukie.