Programu Mbili, Kosa Moja

Barua hii imetufikia kutoka Kigali. Mwenyewe ametuomba tulifiche jina lake na la biro, yaani ofisi, anakofanya kazi, nasi tumeyaficha yote mawili. Someni hadi mwisho kabla hamjamhukumu.

Habari zenu wasomaji. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mwislamu, nimeolewa, sina mtoto. Kazi yangu ni kuingiza majina na mishahara ya wafanyakazi kwenye kompyuta, ordinateri tunavyoiita huku. Mume wangu ndiye shefu wangu, mkubwa wangu wa kazi. Alisomea Ulaya, na biro nzima inampenda, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi. Nikiwasikia wakimsifu, hujiinamia kwenye kazi yangu.

Kazini ana utaratibu wake. Hasubiri programu iishe ndipo aionyeshe. Kila Jumatatu tunamwonyesha mhasibu kipande kidogo kilicho tayari, anakiponda, tunakirekebisha, tunaendelea. Kitu kikiharibika tunakaa kikao, na mtu akianza kusema fulani ndiye aliyekosea, mume wangu anamkatiza kwa upole: "Hapa hatutafuti mkosaji, ndugu yangu. Tunatafuta kosa limepitia wapi." Kabla hatujaoana niliwahi kuharibu mishahara ya idara nzima, akanitetea mbele ya watu kwa maneno hayohayo. Nilimpenda kwa hilo. Alipoleta posa sikujiuliza mara mbili.

Tulipooana, kikao akakihamishia nyumbani. Kila Ijumaa baada ya chakula ananiketisha mbele ya mama yake, anauliza: nini kimekwenda vizuri, nini kimekwenda vibaya, tubadilishe nini? Mwanzoni ilikuwa chumvi na pasi. Baadaye ikawa tumbo langu. Na nyumbani mkosaji anatafutwa, tena hatafutwi mbali. Mama mkwe ananikagua kuanzia kichwani hadi miguuni, anasema, "Huyu iko nakula tu. Mtoto iko wapi?"

Nilikwenda kwa daktari. Akanipima, akasema haoni tatizo kwangu, nirudi na bwana. Nilipomwambia mume wangu, alicheka hadi chai ikamwagika. "Nipimwe nini? Mimi sina hitilafu."

Ijumaa moja akaniambia, "Tusigombane bure. Tutaendesha mbili sambamba, tuone ipi inatoa matokeo." Mama yake hakuelewa. Mimi nilielewa. Kazini, programu mpya ikiwa tayari, hatukimbilii kuitupa ya zamani. Tunaziingizia zote mbili majina yaleyale na tarakimu zilezile, tunalinganisha majibu. Mpya ikiaminika, ya zamani inafutwa na disketi yake inatumiwa kwa kazi nyingine.

Akaoa mke wa pili, binti kutoka mji wa Kabuga, nimwite Zuhura. Akaniamuru nimkabidhi kazi: chai anavyoipenda, kanzu inavyopigwa pasi, hata upande wa kitanda anaolalia. Wageni wakija ananitambulisha, "Huyu ni toleo la kwanza," nao wanacheka. Sitawadanganya, nilimchukia Zuhura. Nilimwombea mabaya ambayo niliona haya kuyatamka kwa sauti.

Mabaya yakaja. Mwaka ukapita, Zuhura naye hana kitu. Kikao sasa kinatukalisha wawili kwenye mkeka mmoja. Juzijuzi mume wangu alimwambia, kwa sauti ileile ya upole ya kazini, "Jaribio limeshindwa. Baada ya Idi baba yako atakuja kukuchukua." Na atamweleza baba huyo sababu mbele ya wazee, ili watu wasije wakadhani yeye ndiye mwenye kasoro. Mimi nitabaki, kasema, kwa kuwa nimeshazoeleka. Ameshaona mwingine wa kuoa, huko Kinyinya.

Asubuhi yake nilimkuta Zuhura uani anafua, machozi yanadondokea kwenye beseni. Ana miaka kumi na tisa. "Mbabarira, dada, nisamehe," akaniambia. "Mi iko na kosa gani? Nikirudi Kabuga na jina la mgumba, nani atanioa?" Nikachukua nguo upande wa pili wa beseni, nikafua naye.

Wiki hiyohiyo kule kazini, programu ya zamani na mpya zikampa mlinzi mmoja mshahara wa ajabu, tena uleule, mkubwa kuliko wa mkurugenzi. Wenzangu wakaanza kuzifumua zote mbili. Mume wangu akawazuia huku anatabasamu. "Mnahangaika bure. Programu mbili zikikosea kosa lilelile, programu hazina kosa. Tazameni kilichoingizwa." Tukatazama. Kweli, sifuri ilikuwa imezidi. Watu wakampigia makofi. Mimi nilicheka hadi nikatoka nje, wakadhani malaria imenipanda kichwani.

Ndugu zangu, sentensi ile ya programu mbili ninayo mdomoni tangu siku hiyo. Naweza kuisema baada ya Idi, mbele ya baba yake Zuhura, mama mkwe na wazee wote, kwa maneno yake mwenyewe. Najua atanipa talaka papo hapo, na kazi nayo itakuwa imekwenda, na mama yangu, muuza mboga wa mtaa wa Gitega hapahapa Kigali, ananitegemea mimi. Nikinyamaza, Zuhura anapandishwa basi na jina ambalo si lake. Na kuna jambo linanitisha kuliko talaka. Sijui kama nataka kumwokoa Zuhura, au nataka tu kuuona uso wa yule mwanamume ukisawijika mbele ya mama yake. Nauwaza nikipika, nauwaza hata nikiwa kwenye swala, na ninaona raha.

Kila kikao mume wangu humaliza kwa kunigeukia na kuuliza, "Una la kuongeza?" Nami siku zote hujibu, "Sina." Nishaurini, wenzangu. Safari hii akiniuliza, nijibuje?