Nyuzi Nyekundu za Papa, Nyuzi Nyeusi za Pascal

Harufu ya nywele za kusukia zikichomwa ncha kwa kiberiti hunipata popote nilipo, na ikinipata tu, nimekwisha. Niwe sokoni au kwenye foleni ya benki, najikuta nina miaka kumi na mmoja tena, nimekalia ndoo iliyopinduliwa katika saluni ya Mama pale Overport, Durban, nikiwachambulia wasusi vifungu vya nywele. Mwezi uliopita ilinipata nikifungua Biblia. Mama alinitumia Biblia ya marehemu baba yangu, Papa, ile yenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi wa viatu, na ilinuka saluni yote. Ndani nilikuta nyuzi nne za nywele, tatu nyekundu na moja nyeusi. Ule mweusi haukupaswa kuwepo. Nyeusi nilizitoa zote kwa mkono wangu mwenyewe, na kama mtanivumilia nitawaeleza kwa nini.

Mwaka huo, 2012, kaka yangu Pascal alisema anataka kuwa padri. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa simu, mrefu, mpole, na wasichana wa kwaya walikuwa na simu za ajabu zilizoharibika kila wiki. Mama alikuwa ameshamchagulia wawili kati yao. Papa, aliyekuwa mwalimu huko Bukavu, hapa Durban alichunga magari mbele ya maduka. Siku Pascal alipomwambia, Papa alikuwa amevaa bado fulana yake ya kung'aa ya kazini. Hakuivua mpaka alipokwenda kulala.

Msidhani Papa alikuwa mtu wa kuchezea dini. Jumuiya ya mtaa wetu ilisali kwetu, na mtoto aliyesinzia kwenye rozari alipigwa jicho moja akaamka kabisa. Shida yake ilikuwa jina. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa babu yake, na maadamu kuna mtoto anayeitwa uani kwa jina hilo, mzee hajafa. Baba yake Papa aliitwa Lwaboshi. Alizaa wanaume wanne, vita vikachukua watatu kabla hawajapata watoto. Akabaki Papa, na Papa alikuwa na Pascal na mimi, msichana. Watoto wangu mimi wangebeba majina ya ukoo wa watu wengine. Kwa hiyo Lwaboshi mzima, aliyekufa na atakayezaliwa, alikuwa mikononi mwa fundi simu mmoja aliyetaka kwenda seminari.

Papa akaamua iwe kikao cha familia, Jumapili, baada ya misa. Kikao kinataka baba mkubwa, na sisi hatukuwa naye, basi tukamwazima. Mzee Barnabé, Mrundi aliyeuza viatu na kukaa Queensburgh, alikubali kuwa baba yetu mkubwa kwa siku moja. Papa akatoa amri kwamba kila upande ulete maneno ya Biblia, siyo maneno ya mdomo. Mimi ningesoma. "Mutoto hana upande," alisema.

Wiki nzima Biblia ilikaa saluni, mahali penye mwanga, na kila mmoja aliweka alama kwa alichokikuta mezani. Papa alichukua nywele nyekundu, Pascal nyeusi. Papa aliweka yake mchana alipopita kunywa chai, Pascal jioni akitoka kazini, na hawakukutana hata mara moja. Mimi nilikuwa najizoeza kusoma, na nikakwama kwenye uzi mweusi wa kwanza, pale Yesu anapozungumzia wanaume waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Nikauliza kwa sauti: "Maman, towashi ni nini?" Mteja aliyekuwa anasukwa alicheka mpaka kichwa kikamponyoka Mama mkononi. Mama akaniambia nimuulize Papa. Papa akaniambia nisome, nisiulize.

Wa pili, pale Paulo anaposifu kutooa, niliupita tu. Lakini uzi mweusi wa tatu sikuhitaji kuulizia. Ulikuwa karibu na ule wa kwanza, pale Yesu anapowaahidi malipo wale walioacha nyumba, na ndugu, na baba na mama, kwa ajili ya jina lake. Dada pia walitajwa. Nilisoma mara mbili, na mara ya pili niliona ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naachwa, na eti nilitakiwa kusimama na kulisoma mwenyewe! Seminari ilikuwa mbali, upande wa Pretoria. Nani angenisindikiza shule? Nani angeniambia Papa amekasirika kweli au anajifanya? Nililia nyuma ya kikausha nywele, kimya, na hakuna aliyeona.

Jumamosi jioni, Mama akifagia, nilizichomoa nyuzi nyeusi zote tatu nikazitupa kwenye pipa pamoja na nywele za wateja. Nilijiona mwerevu sana. Bila nyuzi, Pascal hangekuwa na maneno, na bila maneno hangekwenda popote. Akili ya mtoto, jamani.

Mzee Barnabé alikuja na suti iliyomfika kwenye vidole. Alikula kwanza, fufu na sombe ya majani ya muhogo, kisha akajifuta mdomo na kusema, "Sasa tusikie Neno. Kadogo, soma."

Nikasoma za Papa. Kwanza Mungu akiwaambia watu wa mwanzo wazae waijaze dunia. Kisha mama mkwe wa Petro, aliyelala na homa Yesu akamponya. Kisha Paulo kwa Timotheo, kwamba askofu awe mume wa mke mmoja. Papa alikuwa anapiga goti lake kwa kidole kila nilipomaliza.

"Mumesikia? Mama mkwe!" alisema. "Petro, papa wa kwanza kabisa. Muntu gani iko na mama mkwe bila kuwa na bibi?"

"Eish," alisema Mzee Barnabé. "Hapo uko na haki."

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Hakuwa amesema neno juu ya jambo hili wiki nzima. "Na ule bibi ya Petro," alisema, "mama yake iko mugonjwa, bwana yake ameacha kazi amefuata Yesu. Yeye alisema nini? Nyinyi wenye kusoma, mutuambie."

Mzee Barnabé aliomba maji.

"Sasa weye, Pascal," alisema Papa. "Leta yako."

Pascal alinyoosha mkono nikampa Biblia. Aliipekua mara moja, akarudia polepole. Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Aliniangalia, akaangalia mahali ilipo mikono, na nikajua amejua. Nilingoja aniseme mbele ya watu wote. Akaifunga Biblia.

"Papa, siko na maneno," alisema. "Naitwa tu. Unisamehe."

Nilikuwa nimemsikia Papa akijiandaa asubuhi zote akinyoa ndevu. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Paulo mwenyewe, aliposifu kutooa, alikiri kwamba hana amri ya Bwana, anatoa shauri tu! Papa alilisema hilo kwa kioo kila siku kwa furaha ya mwalimu aliyekamata kosa. Sasa hapakuwa na wa kumjibu. Alisimama, akakaa. "Jina ya baba yangu, Pascal," alisema. "Nani ataiita?" Akajifunika uso kwa viganja, baba yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Pascal akapiga magoti mbele yake naye analia. Mzee Barnabé alitazama viatu vyake. Nami nilikaa pale juu ya mikono yangu, sikuweza hata kukiri, kwa sababu nilihisi nikifungua mdomo nyumba yote itaanguka.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata Pascal aliondoka, na Papa hakumzuia. Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyemfungulia mlango. Angekuwa na aya zake, wangebishana, Papa angemshinda kwa lile la Paulo, na kaka yangu angekuwa leo na watoto watatu na tumbo. Baadaye, nimekuwa mtu mzima, nikasikia wasomi wa dini wakibishana kwa aya zilezile sita, wengine wakiita kutooa kwa mapadri zawadi, wengine wakisema ni desturi tu ambayo Kanisa liliiweka na linaweza kuiondoa. Hakuna aliyeshinda nilipokuwa nikisikiliza. Nilijisikia nafuu kidogo, lakini kidogo tu.

Biblia ilipofika nilimpigia simu Pascal parokiani kwake, nikakiri hatimaye. Alicheka.

"Nadine, zile aya nilizijua kwa moyo. Nilikuwa nazisema nikiosha vyombo, umesahau?"

"Sasa mbona hukuzisema?"

"Ningezisema, Papa angekasirikia Biblia. Nilitaka anikasirikie miye tu."

Nilimuuliza kama ni yeye aliyeurudisha uzi mweusi. Akasema hapana, aliondoka na Biblia yake, hiyo ya Papa hakuigusa tena. Mama naye hajui, Mama hasomi. Kwa hiyo ni Papa. Wiki ile yote, akinywa chai yake, alikuwa ameziona nyuzi za mwanawe na kuzisoma, na Jumapili ile naye alijua kwamba hazipo na nani alizitoa. Alikwenda misa kila Jumapili mpaka alipougua, alimwita Pascal padri mbele za watu bila kusita, na jambo hili hakunigusia hata siku moja.

Uzi upo pale kwenye ahadi ya walioacha nyumba na ndugu na wazazi, ile niliyoililia nyuma ya kikausha nywele. Orodha inaendelea mpaka watoto na mashamba. Inapoishia orodha, pembeni, Papa ameongeza neno moja kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima ili hata mtoto wa nyuma kabisa aweze kusoma: Lwaboshi.