Kichwa cha Nguruwe wa Kaka

Nguruwe yule hakuwa wangu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alikuwa wa kaka yangu wa Kibondo, ndugu pekee wa tumbo moja niliyebaki naye duniani. Mwaka 2013, nilipoachika na kurudi Heru Juu kwenye kiwanja cha marehemu baba, mikono mitupu, yeye ndiye aliyenikabidhi jike lake nimfugie. Kwa Kiha tunaita kuragiza: mnyama ni wa mwenyewe, kulisha unalisha wewe, wanaozaliwa mnagawana. Akifa, unampelekea mwenyewe ushahidi. Ng'ombe unapeleka ngozi. Nguruwe, kwetu, unapeleka kichwa. Bila hicho umeuza, umekula, na hata ukiapa kanisani hakuna atakayekusikiliza.

Nami nilimlisha, jamani! Majani ya viazi, maganda ya mihogo, pumba, machicha ya pombe. Majirani wanajua nina mdomo mchafu, lakini jike lile sikuwahi kulitukana. Alipopata mimba nilimpigia kaka simu, akacheka, akasema, "Kumbe dada yangu fundi!" Maneno hayo yalinishibisha wiki nzima.

Halafu nguruwe wa bondeni wakaanza kufa. Watu hawakungoja kuambiwa. Walichinja wazima kwa wagonjwa, wakauza nyama, wengine wakahamishia wa kwao kwa wakwe. Bwana mifugo akaja na pikipiki yake akitangaza marufuku: hakuna kuchinja, hakuna kuhamisha.

"Dawa ipo?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama."

"Chanjo?"

"Hakuna."

"Sasa wewe umekuja kufanya nini? Kutuhesabia mizoga?"

Hakukasirika. Alisema amekuja kuchukua vipimo. Mimi mjinga nikatii. Jike la watu sikulichinja wala sikulihamisha.

Likaacha kula. Masikio yakawa mekundu, tumbo likaiva zambarau, mimba ikatoka, na kesho yake likafa. Bwana mifugo akalipasua, akakata kipande cha bandama, akakitia kwenye kichupa, akaandika namba kwa kalamu mbele ya macho yangu na kukizamisha kwenye boksi la barafu. Mzoga tukauingiza shimoni kuuchoma kwa mafuta ya taa. Hapo nikakishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hiki niachie. Ni cha kaka yangu."

"Mama, hicho kichwa kikifika Kibondo kitaua nguruwe wa Kibondo nzima."

"Na mimi nitamwonyesha nini?"

Akalipiga boksi kofi dogo. "Hiki kichupa ndicho kichwa chako. Maabara watasoma vinasaba vya kirusi, herufi kwa herufi. Watasema kilichomuua ni nini na kimetokea upande gani. Kaka yako atake nini tena?"

Nikaachia. Kaka nilipompigia, aliuliza kwanza kichwa kiko wapi, nikamweleza habari ya kichupa. Kisha akasema, "Haya. Tusubiri hayo majibu."

Tulisubiri mpaka msimu wa maharage ukapita. Majibu yalipokuja, kaka alipanda basi hadi Kasulu, wilayani kwetu, tukakaa wote watatu ofisini kwa bwana mifugo. Yule kijana alieleza vizuri, sitamsingizia: ni homa ya nguruwe, kirusi kimesomwa chote, kina undugu na kile kilichoua nguruwe mikoa ya kusini, maana yake kimesafiri na nyama. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa kama shahidi aliyeshinda kesi.

Kaka akauliza swali moja tu. "Huyo aliyesomwa ndiye nguruwe wangu?"

Bwana mifugo akajikuna shingo. Basi lililopeleka boksi maabara lilikwama kwenye tope, akasema. Barafu ikayeyuka, maji yakafuta namba. Kirusi chenyewe hakijali, kinasomeka hata damu ikioza, ila vichupa vilifika havina namba. Kinachojulikana ni kwamba vilitoka Heru Juu.

"Heru Juu ina nguruwe wengi," kaka akasema.

Loo! Nilifoka. Nilimtukana bwana mifugo, kalamu yake, basi na barafu. Niliapa kwa kaburi la mama. Kaka hakupandisha sauti hata kidogo, afadhali angenipiga. Nje alinisimamisha kidogo.

"Njia ya mwongo ni fupi, dada," akasema, akaita bodaboda, akaenda zake stendi.

Simu zangu hakupokea tena. Mwaka 2015 muuza dagaa mmoja aliyetoka Kibondo aliweka meza yake sokoni kwetu. Aliponitazama usoni akajua mimi ni wa ukoo gani, akafurahi sana. Akaniambia harusi ya binti wa kaka ilifana, ngoma mpaka asubuhi, na shangazi aliyemtoa bibi harusi alicheza mpaka watu wakamtunza.

Kaka hana dada mwingine, na mimi habari ya harusi ndiyo kwanza naisikia pale mezani.

"Hongera, mama," akasema, akiniongezea dagaa kwa mkono. Nikamwambia asante.